Kabla hujabeti timu ya Uingereza, fungua hesabu zake

Tarehe 14 Julai 2020 Wigan Athletic iliifunga Hull City mabao 8-0. Wiki mbili kabla ya hapo klabu hiyo ilikuwa imekabidhiwa kwa wasimamizi wa ufilisi. Msimu ulipoisha ikakatwa pointi 12, ikabaki na 47, ikashuka daraja. Bila adhabu ingekuwa na 59, katikati ya msimamo. Aliyebeti dhidi yao siku ile kwa sababu wamefulia, mkeka wake ulichanika. Aliyebeti kwamba watabaki Championship, yaani daraja la pili, kwa sababu wanacheza vizuri, wake pia ulichanika. Habari za fedha ni zilezile, ila mechi ya Jumamosi na msimamo wa Mei ni vitu viwili, na wengi wanavichanganya.

Kwenye mechi, ukata hauumi siku unapotangazwa. Mchezaji asiyelipwa mshahara bado anacheza, tena kwa bidii, kwa kuwa klabu nyingine zinamtazama. Unauma dirisha la usajili linapofunguliwa na wenye thamani wakauzwa, kisha benchi likajaa vijana wa akademi. Sheffield Wednesday walianza msimu wa 2025-26 hivyo: mishahara ilichelewa, wachezaji wakaondoka, kikosi kikabaki chembamba. Mechi ya kwanza ugenini kwa Leicester City walitangulia kufunga, kisha wakapoteza 2-1. Kwa hiyo orodha ya vikosi ikitoka, kama saa moja kabla ya mechi, usiishie kwa wale kumi na mmoja. Hesabu walio benchi wamewahi kuanza mechi ngapi za wakubwa. Wakiwa ni watoto watupu, cha kufikiria ni kipindi cha pili, wakati mpinzani anaingiza watu watano wenye nguvu mpya.

Kwa beti za msimu mzima, nenda kwenye hesabu zenyewe. Kampuni zote za Uingereza huwasilisha hesabu kwa Companies House, msajili wa kampuni wa huko, na tovuti yao ni bure. Tafuta jina la kisheria la klabu, si jina la mashabiki, na angalia kama kuna kampuni mama juu yake, maana madeni mara nyingi yamekaa huko. Kampuni binafsi ina miezi tisa tangu mwaka wake wa fedha uishe. Klabu inayofunga vitabu tarehe 30 Juni ina mwisho wa tarehe 31 Machi. Ikipita siku hiyo bila hesabu, ukurasa wenyewe utakuonyesha kwamba zimechelewa. Kuchelewa ni ishara nzito kuliko hasara yenyewe, kwa sababu huenda mkaguzi amekataa kusaini mpaka mmiliki aahidi fedha kwa maandishi.

Ukishapata waraka, usianze na faida. Anza na mishahara, uigawe kwa mapato. Kwenye Championship klabu nyingi zinatumia zaidi ya asilimia 100 ya mapato kwenye mishahara, yaani zinaishi kwa mfuko wa mmiliki. Halafu tafuta maelezo ya mkaguzi kuhusu uwezo wa kampuni kuendelea na shughuli kwa miezi 12 ijayo. Yakisema kuna shaka kubwa, na mmiliki naye anatafuta mnunuzi, hapo pana hatari ya kweli. Kisha deni la ada za wachezaji linalopaswa kulipwa ndani ya mwaka, na mwisho orodha ya dhamana. Klabu iliyoweka rehani uwanja wake au fedha za televisheni zijazo inakula mbegu.

Kumbuka tu kwamba hesabu hizo ni za zamani. Ukizisoma Machi zinaeleza msimu ulioisha Juni iliyopita. Kwa habari mbichi fuata mambo mawili: maombi ya mamlaka ya kodi kortini ya kuifilisi klabu, na taarifa ya klabu zilizozuiwa kusajili inayotolewa na EFL, chombo kinachoendesha madaraja matatu yaliyo chini ya Ligi Kuu. Kuzuiwa kusajili mara nyingi kunatangulia kukatwa pointi.

Kuhusu pointi zenyewe: klabu ya EFL ikiingia kwenye usimamizi wa ufilisi hukatwa 12, na Ligi Kuu ni 9, kama walivyokatwa Portsmouth mwaka 2010. Ikiingia mwishoni mwa msimu, EFL huangalia kwanza. Kama ingenusurika, pointi zinakatwa hapohapo. Kama ilikuwa inashuka tayari, zinasubiri msimu ujao. Na adhabu zinaweza kuja mbilimbili. Derby County walikatwa 12 Septemba 2021, wakaongezewa 9 Novemba kwa makosa ya hesabu za nyuma, jumla 21, wakashuka. Ukiona adhabu ya kwanza, uliza kama kuna shauri lingine mezani.

Ligi Kuu ilikuwa na kikomo cha hasara ya pauni milioni 105 kwa miaka mitatu. Everton walikatwa pointi 10 Novemba 2023, rufaa ikapunguza hadi 6 Februari 2024, kisha wakakatwa 2 nyingine Aprili. Nottingham Forest walikatwa 4 Machi. Wengi walikimbilia kubeti kwamba Everton watashuka. Everton walimaliza na pointi 40 baada ya makato yote, na Forest walinusurika na 32, kwa sababu Luton Town, waliokuwa wa tatu kutoka mkiani, walikuwa na 26 tu. Adhabu ikishatangazwa, odi zimekwisha kubadilika kabla hujashika simu. Swali la maana ni kama wale walio chini yake wana uwezo wa kuipita. Kuanzia msimu wa 2026-27 kikomo hicho cha hasara kinaachiwa nafasi kanuni ya gharama za kikosi, ambazo hazitakiwi kuvuka asilimia 85 ya mapato, kwa hiyo hesabu ya mishahara kwa mapato itazidi kuwa muhimu.

Siasa za London nazo zimo humu, na wabeti wa kwetu wanazipuuza. Bajeti ya Oktoba 2024 ilipandisha mchango wa mwajiri kwenye bima ya taifa kutoka asilimia 13.8 hadi 15, kuanzia Aprili 2025. Klabu yenye mishahara ya pauni milioni 100 iliongezewa karibu pauni milioni 1.2 kwa mwaka bila kusajili hata golikipa wa akiba. Bajeti ya Novemba 2025 ikapandisha kodi ya kampuni za kubeti mtandaoni: kwa michezo kama mpira wa miguu itatoka asilimia 15 hadi 25 Aprili 2027. Kodi hiyo inakatwa kwa kampuni, lakini kampuni itaitafuta kwenye odi na kwenye ofa. Hapo ndipo utakapoiona.

Na Julai 2025 sheria ya uendeshaji wa soka ilipitishwa, ikaanzisha msimamizi huru wa klabu za Uingereza. Chimbuko lake ni machungu ya kweli: Bury walifukuzwa kwenye ligi mwaka 2019, na uchunguzi wa mbunge Tracey Crouch wa mwaka 2021 ukasema klabu haziwezi kuachwa zijisimamie. Msimamizi akizoea kazi, mmiliki asiye na fedha atabanwa mapema, na ile dau ya kutabiri nani atafilisika itakuwa ngumu zaidi.

Odi za siasa zenyewe ziache, na sababu ni nzito. Mwaka 2024, siku chache kabla ya Rishi Sunak, waziri mkuu wa wakati huo, kutangaza uchaguzi wa Julai, mbunge aliyekuwa msaidizi wake wa karibu aliweka pauni 100 kwamba uchaguzi utakuwa Julai. Kwenye soko ambalo watu kumi wanajua jibu, wewe ndiye unayewalipa. Hali ni hiyohiyo kwenye odi za nani atakuwa kocha mpya. Hata soko kubwa linadanganya: kwenye kura ya Brexit ya 2016, ya kubaki au kutoka Umoja wa Ulaya, fedha nyingi ziliwekwa upande wa kubaki, ilhali tiketi nyingi zilikuwa upande wa kutoka. Odi hufuata uzito wa fedha, si wingi wa watu.

Vichekesho vya siasa za Waingereza vinapendwa sana, na vina mitego yake. Count Binface, mgombea wa dhihaka anayevaa ndoo ya taka kichwani, alipata zaidi ya kura 24,000 kwenye umeya wa London mwaka 2024, kisha kura 308 dhidi ya Sunak miezi miwili baadaye. Dhihaka inapima hasira ya watu, haipimi nani atashinda. Watu huweka dau kwa wagombea wa aina hiyo kama wanavyoweka kwa timu ya odi 500, wakikumbuka Leicester wa 2016 waliotwaa ubingwa wa Ligi Kuu kwa odi ya 5000 kwa 1. Kwenye odi ndefu ndipo kampuni inapokata nyama nyingi zaidi.

Jifunze kupima kiasi inachokata. Chukua odi za mechi moja: nyumbani 1.90, sare 3.50, ugenini 4.20. Gawa 100 kwa kila moja: 52.6, 28.6, 23.8. Jumla ni 105. Hiyo 5 ya juu ni ya kampuni. Ukijaza mkeka wa mechi tano zenye kiwango hicho, kwa wastani unarudishiwa kama 78 kwa kila 100. Mechi kumi, kama 61. Ndiyo maana mkeka mrefu unakaribia kutiki kila wiki na hautiki. Kama nchini kwako ushindi unakatwa asilimia 10 ya faida, odi ya 2.00 ni 1.90. Weka hesabu hiyo kabla, si baada.

Dau moja lisizidi asilimia 1 au 2 ya fedha ulizotenga, na fedha hizo zisiwe kodi ya nyumba wala ada ya mtoto. Ukishapoteza, usiongeze dau ili urudishe.

Mwisho, kwa beti ya kushuka daraja soma kanuni za malipo. Kampuni nyingi hulipa kwa msimamo wa siku ya mwisho ya ligi, na pointi zinazokatwa baadaye haziingii. Piga picha ukurasa huo siku unapoweka dau.