Jibu: mtu wako wa kompyuta anasinzia na kushtuka kila dakika chache

Mdogo wangu wa UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma), nimekuelewa. Mradi wako wa mwaka wa mwisho ni modeli ya usingizi, yaani programu ya kompyuta inayoiga mtu anavyolala na kuamka, ila mtu wako analala na kuamka kila dakika chache, kama abiria wa basi la usiku la Dar kuja Dodoma. Nami nilikwama hapohapo wiki nzima.

Nadhani umeweka kizingiti kimoja, yaani kiwango kimoja tu cha kumbadilisha mtu kati ya kulala na kuamka. Modeli ya mtafiti wa usingizi Borbély ya mwaka 1982, kama ilivyoendelezwa na Daan na wenzake mwaka 1984, ina viwili. Hamu ya usingizi, S, hupanda ukiwa macho hadi iguse kizingiti cha juu, unalala. Kisha hushuka hadi cha chini, unaamka. Vizingiti hivyo hupanda na kushuka kwa wimbi la saa 24, yaani saa ya mwili. Kwa hiyo programu lazima ikumbuke hali iliyopo, maana S ileile inaweza kumkuta mtu macho au amelala. Vigezo vya muda (namba zinazopanga kasi ya S) anza na saa 18.2 za kupanda na 4.2 za kushuka. Kagua pia kama hujachanganya saa na dakika (mimi nilichanganya).

Mambo ya neuroni (seli za ubongo) yaache kwanza, yatakula muhula. Ukitaka shajara za usingizi za wenzako wa hosteli, omba kibali cha chuo kabla.

Halafu umesema juujuu kwamba wewe mwenyewe unapata usingizi wa muda wa saa tatu tu kwa usiku, mwezi wa pili sasa. Hilo usilipime kwa modeli. Nenda kamwone daktari, na ukisinzia mchana usiendeshe pikipiki.