Kibanda cha porini: anza na kitanda, paa baadaye

Wengi wanaotoka Nairobi kwenda kulala porini humaliza jioni nzima wakiezeka, halafu wanajilaza juu ya majani haba. Saa nane usiku wanaamka wakitetemeka na paa halijavuja hata tone. Ardhi ndiyo iliyowanyonya joto. Rundika majani makavu hadi magotini. Ukiyalalia yatashuka, na yakibaki pungufu ya shubiri moja, ongeza. Upande wa Ngong vichaka vya leleshwa ni vingi, majani yake ni laini na yananukia vizuri.

Mwombe mwenye shamba ruhusa kwanza. Kwenye misitu ya serikali hukati mti bila kibali. Usijenge ndani ya korongo, hata kama ni kavu: mvua ya mbali huleta maji wakati kwako anga ni jeupe. Usilale chini ya mkaratusi, maana huangusha matawi hata pasipo upepo. Kagua pia njia za siafu.

Boriti, yaani mti wa katikati unaobeba paa, iwe nene kama kifundo cha mkono, ndefu kama mita 2.7. Ncha moja ikae chini, nyingine ibebwe na panda mbili zilizoshikana, kimo cha kiuno. Ining'inie kwa uzito wako wote kabla ya kuendelea, kwani mti ulioliwa na mchwa huonekana mzima kwa nje. Panga makombamoyo, yaani miti inayoegemea boriti, pande zote mbili kwa mwinamo wa nyuzi 45 au zaidi. Ncha zake zisichomoze juu ya boriti: maji ya mvua hufuata kijiti kinachochomoza, yakateremka nacho hadi ndani, yakakudondokea kifuani. Hapa ndipo vibanda vingi huharibikia.

Lala ndani upime. Mabega yakiwa na nafasi ya kiganja kila upande, panatosha. Pakizidi hapo, mwili wako hautaweza kupapasha joto.

Laza fito, kisha ezeka nyasi kuanzia chini kwenda juu, unene wa sentimita 60. Juu yake weka matawi mazito zisipeperuke. Mlango uupe upepo mgongo, uuzibe kwa gunia lililojazwa majani. Moto uwe nje, hatua nne au zaidi, na kamwe usiwe upande upepo unakotokea.

Anza kazi saa nane mchana. Jua huzama saa kumi na mbili na nusu hivi, na kutafuta nyasi kavu kwa tochi ni taabu tupu.