Kabla ya barua ya pili, ile ya kwanza ina muhuri?

Ndugu, weka hiyo kalamu chini kwanza. Umesema uliomba kaunti ikupe mkataba na makadirio ya gharama za zahanati ya wadi yenu, ile ambayo kuta zimeanza kupasuka, na afisa akakujibu kwa mdomo kwamba hizo ni siri za serikali. Sasa unataka kuandika barua nyingine ya upole, usubiri, kisha utafute wakili akupeleke Mahakama Kuu. Umeuliza pia kama barua iwe ya Kiingereza, na nakala zitagharimu pesa ngapi. Nimeshindwa kunyamaza, kwa sababu njia hiyo nimeipita na najua inakoishia.

Nijibu moja tu: nakala ya barua iliyobaki mkononi mwako ina muhuri wa kupokelewa, tarehe, na sahihi ya aliyeipokea? Hujataja popote. Naogopa huna.

Mimi sikuwa nayo. Yetu ilikuwa barabara, lami iliyobanduka mvua za kwanza tu. Niliomba mkataba na cheti cha kukamilika kwa kazi. Karani wa masjala akaipokea barua vizuri, akaniambia, "Mzee, iache tu hapa, muhuri umefungiwa kwa bosi na bosi yuko mkutanoni." Nikaiacha. Kila nikirudi, faili iko juu. Mara imepelekwa kwa wakili wa kaunti. Mara njoo wiki ijayo. Na kulikuwa na jamaa mmoja anayejiita mshauri wa haki za raia, akanishika sikio: usiwasumbue, sheria inawapa muda wautakao, ukiwakera wataficha kila kitu. Ushauri huo nilimlipa! Hasira yangu kwake haijaisha mpaka leo, maana sheria inasema kinyume kabisa, na iko wazi kwa yeyote anayejua kusoma.

Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, hapa kwetu Kenya, inaipa ofisi ya umma siku 21 tangu ipokee ombi. Inaweza kujiongezea muda mara moja tu, usiozidi siku 14, tena kama ombi ni la nyaraka nyingi au lazima washauriane na wengine. Ikiwa habari inahusu uhai au uhuru wa mtu, ni saa 48. Siku zikipita bila jibu, sheria inahesabu kwamba umekataliwa. Kimya chao ni jibu! Kuanzia hapo una siku 30 za kuiomba Tume ya Haki ya Utawala, hawa tunaowaita Ombudsman, ipitie uamuzi huo. Tume inaweza kukuongezea muda, lakini usiende kuomba huruma wakati ungeweza kwenda na haki yako.

Sasa niambie, siku 21 zinahesabiwa kuanzia wapi kama hakuna muhuri? Nilipofika kwa Tume niliulizwa ushahidi kwamba ombi lilipokelewa. Ofisi ile ikajibu kwa maandishi kwamba haijawahi kuona barua yangu. Karani hakunikumbuka. Ikabidi nianze upya kabisa. Na huo muda uliopotea ndio uliotuumiza: mikataba ya ujenzi huwa na kipindi ambacho mkandarasi analazimika kurekebisha kasoro kwa gharama yake, na sehemu ya malipo yake hushikiliwa mpaka kipindi hicho kiishe. Nilipopata mkataba, ukurasa wenye tarehe hiyo ndio nilioufungua kwanza. Kilikuwa kimeisha. Pesa iliyoshikiliwa ilikuwa imelipwa, mkandarasi kaondoka, mashimo yakabaki na sisi. Zahanati yenu huenda bado iko ndani ya kipindi hicho. Ndiyo maana nakupigia kelele.

Hiyo "siri ya serikali" isikutishe. Kifungu cha 6 cha sheria hiyo kinataja mambo yanayoweza kuzuiwa, kama usalama wa taifa, faragha ya mtu, na maslahi ya kibiashara yatakayoumia. Anayekataa anapaswa kukwambia kwa maandishi anakataa kwa sababu gani na unaweza kukata rufaa wapi. Serikali ilijitetea kwa usiri huo huo kwenye mikataba ya SGR, ile reli ya kisasa ya Mombasa hadi Nairobi. Mei 2022, Jaji John Mativo wa Mahakama Kuu ya Mombasa akaamuru itolewe, kwenye kesi iliyofunguliwa na mwanaharakati Khelef Khalifa na mwenzake. Novemba mwaka huo waziri wa uchukuzi, Kipchumba Murkomen, aliyekuwa na wadhifa huo wakati ule, akaweka hadharani baadhi ya nyaraka hizo. Nyaraka za reli ya mabilioni zimetolewa, sembuse za zahanati ya wadi?

Lakini usikimbilie mahakamani. Kuna watu kesi zao zimekwama kwa sababu waliiruka Tume. Tume ikitoa amri na ofisi ikaipuuza, amri hiyo unaweza kuiwasilisha Mahakama Kuu itekelezwe. Na kuiandikia Tume hakuhitaji wakili.

Kwa hiyo kesho asubuhi chapa ombi lile lile nakala mbili, hata kwa Kiswahili, sheria inakubali. Taja mradi kwa jina lake kama lilivyo kwenye bango la ujenzi, na mwaka wa fedha. Usieleze unazitakia nini nyaraka, si lazima. Ambatisha nakala ya kitambulisho, maana haki hii katika Ibara ya 35 ya Katiba ni ya raia. Masjala wakikwambia muhuri haupo, kaa kwenye benchi mpaka upatikane, na siku hiyo hiyo tuma ombi kwa barua pepe ya ofisi pia. Kisha njoo hapa utuambie tarehe iliyo kwenye muhuri, tukuhesabie siku pamoja.