Kasa hafiki miaka 200

Kaka uliyeuliza kama kasa wetu wa Malindi huishi miaka 200: wapi! Akinusurika na nyavu hufika 70 hivi, na huyo keshakula chumvi. Anayepita mia ni kobe mkubwa wa visiwani. Kobe Jonathan wa kisiwa cha St Helena, Atlantiki, anakisiwa kuzaliwa 1832; macho yamepofuka, harufu hasikii, ikabidi alishwe kwa mkono, lakini hamu ya kula anayo! Ukoo wake ni mmoja na yule kobe aitwaye Mzee wa hifadhi ya Haller Park, Mombasa, rafiki wa kiboko Owen aliyeokolewa hapa Sabaki baada ya tsunami ya 2004. Ila kobe naye mtoto kwa papa wa Greenland: mmoja aliyepimwa lenzi za macho alikuwa na si chini ya miaka 272.