Zaireeka kwenye hedifoni?

Umeuliza kama inafaa kuunganisha CD nne za albamu ya Zaireeka kuwa faili moja na kusikiliza kwa hedifoni. Unaweza, wengi wamefanya hivyo, ila uhondo wenyewe utakupita.

Flaming Lips, bendi ya roki ya Marekani, waliitoa mwaka 1997: CD nne, kila moja na nyimbo zilezile nane, lakini kila CD imebeba vipande vyake. Mara ngoma ziko kwenye hii, sauti ya kuimba kwenye ile, makelele kwenye nyingine. Zinapigwa zote pamoja kwenye redio nne. Mashine hazianzi wala haziendi sawa kabisa, basi sauti zinapishana kidogo, na kila ukisikiliza unapata albamu nyingine. Wayne Coyne, mwimbaji wao, alishajaribu jambo hilo huko Oklahoma City kwenye maegesho, akiwagawia watu kaseti wazipige kwenye magari yao kwa wakati mmoja. Pitchfork, tovuti ya uhakiki wa muziki, waliipa alama 0.0 kati ya 10, nadhani kwa hasira ya kukosa redio nne!

Huhitaji mitambo ya bei. Ita marafiki watatu, kila mtu na simu yenye CD moja na spika yake, zikae kwenye pembe nne za chumba, mmoja ahesabu, wote mbonyeze. Zikipishana msizirekebishe. Wimbo wa sita tu ndio wa kuangalia: una milio ya juu mno na ya chini mno, kwa hiyo punguzeni sauti kabla haujaanza, hasa kama kuna mtoto mchanga nyumbani.