Karakana ya marehemu fundi seremala: anzeni na oda zake

Poleni sana kwa msiba, ndugu. Umeuliza mfanye nini na karakana ya mzee wenu hapo Tabora, maana baba wadogo wanataka kila kitu kiuzwe arobaini ikiisha, na ninyi watoto mnataka kumbukumbu yake ibaki. Ushauri wangu: msiuze hata patasi moja mpaka oda zake zote zijulikane. Fundi wa mtaani jina lake liko kwa wateja, na mtu aliyetoa advansi ya kabati asilione atamtaja marehemu kwa ubaya miaka mingi.

Anzeni na ukuta. Mafundi wengi huandika majina na vipimo kwa penseli ukutani, nyuma ya mlango, hata juu ya mbao zenyewe. Pigeni picha kila mwandiko kabla mtu hajafagia wala kupaka chokaa. Kisha daftari lake, meseji na miamala ya simu. Halafu kaeni na mama. Nyumba nyingi za mafundi, mama ndiye anayejua nani kalipa nusu na nani kachukua meza kwa mkopo. Muulizeni taratibu, si siku moja. Advansi hizo ni deni la marehemu, kwa hiyo msimamizi wa mirathi atakayeteuliwa na Mahakama ya Mwanzo aziweke kwenye hesabu pamoja na mali.

Kazi zilizoishia njiani zifungeni kwa kamba, kila oda peke yake. Hapa ndipo watu huharibu. Kila ulimi (ile ncha ya mbao inayoingia kwenye mbao nyingine) umechongwa kwa ajili ya tundu lake, na miguu ya kiti huwekewa alama za penseli kuonyesha upi unaingia wapi. Mkichanganya miguu ya viti vinne, kiungo kimoja kitalegea na kingine kitapasua mbao kikigongwa. Msipige msasa kabla ya kuunga, alama zitafutika. Kijana aliyekuwa akifanya naye kazi ndiye amalizie, kwa makubaliano ya malipo yaliyoandikwa.

Vile vipande vya plaiwudi na maboksi vilivyochongwa kwa mapindo, vinavyoning'inia kwenye misumari, ni vigezo, yaani maumbo ya kuchorea juu ya mbao kabla ya kukata. Watu huvitia jikoni wakidhani takataka. Mgongo wa kiti chake, pindo la kichwa cha kitanda, vyote vimo humo, na hakuna pengine pa kuvipata. Andikeni juu ya kila kimoja ni cha nini. Mkitaka kumkumbuka kwa kitu kimoja tu, tunzeni hivi.

Zana msiwape wanunuzi wa vyuma chakavu, wao hupima kwa kilo. Randa ya chuma ya zamani yenye kisu kizima ina thamani kubwa kuliko uzito wake. Kabla mvua za Novemba hazijaanza, toeni kisu cha randa, futeni vumbi lote (vumbi la mbao hunyonya unyevu na ndilo huanzisha kutu), pakeni mafuta ya cherehani, kisha mfunge kwa kitambaa kikavu. Mfuko wa nailoni haufai, hutoa jasho ndani. Meno ya msumeno yavisheni kipande cha mpira wa maji uliopasuliwa kwa urefu.

Mbao zipangwe chini ya paa, zilale juu ya matofali kama futi moja kutoka sakafuni, mbali na ukuta ili kuepuka mchwa. Kati ya tabaka na tabaka wekeni fito za inchi moja, kila futi mbili, na fito zote zisimame mstari mmoja wa wima. Zikipishana, mbao itapinda. Kwenye mninga, dumuzi (wadudu wanaotoboa mbao) hupenda ile sehemu nyeupe ya pembeni. Mkiona unga mpya chini ya matundu, wadudu bado wako hai: ondoeni sehemu hiyo, moyo wake mwekundu hauliwi kirahisi.

Nendeni pia mkaione milango aliyotengeneza. Mlango wa fundi mzuri, paneli yake haikutiwa gundi. Imekaa kwenye mfereji wa fremu ikiwa na nafasi ya milimita chache kila upande, ili itanuke masika na kusinyaa kiangazi bila kupasuka. Isukumeni kwa kidole gumba kiangazi, mtaiona ikicheza kidogo. Pigeni picha, andikeni mwenye nyumba, aina ya mbao na mwaka.

Mkiamua kuuza mbao nje ya mkoa, tafuteni kwanza risiti alizonunulia, muende nazo ofisi ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania) kuomba hati ya kusafirisha. Bila hati hiyo zitakamatwa kwenye kizuizi cha maliasili, hata kama ni za urithi.