Pumu ya mtoto bila bima: usiiache pampu ya kahawia

Dada, nimesoma swali lako mara mbili. Mtoto ana miaka sita, ana pumu, bima huna, daktari kaandika pampu mbili, ya bluu na ya kahawia, nawe unauliza kama unaweza kununua ya bluu tu, ya kahawia ingoje hela. Mimi si daktari, ni fundi seremala hapa Morogoro. Ila hicho unachotaka kufanya nilishakifanya, na kilinila hela kuliko pampu yenyewe.

Mwanangu, naye ana pumu, alipokuwa chini ya miaka mitano alitibiwa bure hospitali ya serikali, angalau kwenye makaratasi. Kumwona daktari bure, dawa "hamna, kanunue nje". Nilikuwa na mpango wa kumkatia Toto Afya Kadi, bima ya watoto, wakati huo shilingi 50,400 kwa mwaka, nikawa naahirisha, si unajua kazi za mbao hazina mwisho wa mwezi. Machi 2023 usajili wa mtoto mmojammoja ukasitishwa, ikawa mpaka kupitia shule, na yeye shule alikuwa hajaanza. Akatimiza mitano, msamaha nao ukaisha.

Famasi ya kwanza, pale jirani na geti la hospitali, nilivyotajiwa bei ya zote mbili nikaikunja karatasi. Nikachukua ya bluu. Kwa akili yangu hiyo ndiyo dawa, maana mtoto akivuta unaona kifua kinafunguka palepale. Ile nyingine anavuta na huoni kitu. Baada ya miezi miwili tukawa watu wa kuamka saa nane usiku: bodaboda, mapokezi, nebulaiza (mashine ya kuvuta dawa kama mvuke), kisha foleni ya dirishani kulipia. Mara ya tatu akalazwa siku tatu. Nilichoacha mle kingenunua za kahawia za mwaka mzima na chenji ikabaki.

Nesi wa zamu ndiye aliyenifungua macho. Ya bluu, salbutamol, inalegeza njia ya hewa iliyobana, lakini ule uvimbe wa ndani inauacha hapohapo. Ya kahawia, yetu ilikuwa beclomethasone, ndiyo inayoutuliza, tena polepole, ndiyo maana inavutwa kila siku hata siku ambayo mtoto yuko nje anakimbiza tairi. (Rangi zisikutie moyo sana, viwanda vinatofautiana. Soma jina.)

Sasa hela. Pampu yetu ya kahawia ina mivuto 200, imeandikwa kwenye boksi. Wangu aliandikiwa miwili asubuhi, miwili jioni, kwa hiyo inakwenda siku 50. Getini waliitaja 22,000. Nilipozunguka mjini nikiuliza kwa jina la dawa na siyo jina la kampuni, nikapata ya nguvu ileile, kiwanda kingine, kwa 13,000. Gawanya: 260 kwa siku. Nilisimama pale nje ya famasi nikaona haya, maana asubuhi ile nilikuwa nimekunywa soda. Wewe mwambie daktari mkiwa chumbani, kabla hajaandika: sina bima, niandikie jina la dawa yenyewe, na kama ipo ya bei nafuu zaidi inayofaa, niandikie hiyo. Watu tunaona aibu kusema hivyo, halafu tunakuja kuilipia aibu usiku wa manane.

Kile kichupa cha kuvutia, cha kati ya pampu na mdomo, usikinunue kama huna hela, tengeneza chako, lakini usiache kukitumia. Bila hicho dawa nyingi inaishia kwenye ulimi. Madaktari wa Cape Town walipima mwaka 1999 chupa ya plastiki ya nusu lita, wakaona inafanya kazi sawa na ya dukani, mradi pampu ikae imebana. Chukua chupa ya maji, ile ngumu kidogo. Kitakoni chora umbo la mdomo wa pampu, pasha waya kwenye mkaa, pitisha kwenye mstari. Plastiki ikiwa bado ya moto, ingiza mdomo wa pampu uutengenezee nafasi yake, hapo inashika bila kuvuja. Ikivuja, zungushia gundi kwa nje. Yangu ya kwanza nilitoboa tundu kubwa nikaitupa. Ioshe kwa sabuni ya vyombo, iache ikauke yenyewe, usiifute kwa kitambaa maana plastiki ikisuguliwa inavuta dawa ikagandia ukutani. Mtoto anaweka mdomo pale penye shingo ya chupa, unabonyeza mara moja tu, anavuta na kutoa pumzi mara tano au sita, ndipo unabonyeza tena. Akimaliza ya kahawia asukutue mdomo ateme, la sivyo anapata utando mweupe.

Nyumbani tarehe ya kufungua pampu tunaiandika kwa maka peni kwenye mkebe wake, tuhesabu zile siku 50. Zamani nilikuwa naitumbukiza kwenye maji nione kama inaelea. Usihangaike na hilo, halisemi kweli, na pampu inaendelea kutoa hewa hata dawa ikiwa imekwisha.

Kuna ndugu mwingine aliyekujibu, kakushauri vidonge vya predinisoloni kwa sababu ni bei ya karanga. Hapana. Hivyo daktari anavitoa kwa siku chache wakati wa shambulio. Ukimzoesha mtoto anavimba uso na urefu unasimama.

CHF iliyoboreshwa, ile bima ya afya ya jamii, huku mikoani nilipojiunga ilikuwa 30,000 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka. Mimi ninayo, inanisaidia kumwona daktari na dawa ndogondogo, ila ya kahawia zahanati yetu sikuwahi kuikuta. Na ile mara aliyolazwa, nilienda ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali na barua ya mwenyekiti wa mtaa, nikapunguziwa bili. Walinizungusha siku nzima, dirisha hadi dirisha, lakini nilipunguziwa. Nenda kabla ya siku ya kuruhusiwa, maana ukishafika kaunta hawana muda na wewe.

Jambo lililobaki halina gharama, na kwangu lilikuwa zito kuliko yote: randa yangu na vumbi lake la mbao vilikuwa chini ya dirisha la chumba anacholala. Nimehamishia kazi kwa shemeji, natembea dakika ishirini. Kwako sijui ni nini, moshi wa kuni, mkaa, godoro la zamani, ila angalia.

Akishindwa kumaliza sentensi, au mbavu zinaingia ndani anapovuta pumzi, mpe ya bluu kwa chupa huku mnaelekea hospitali. Ukikwama kwenye lile tundu la chupa, piga picha uiweke hapa nitakuonyesha.